Ghala Lisilo na Kufuli

Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumanne, ngamia wa kwanza alipopiga magoti mbele ya lango la jirani yangu. Naijua saa hiyo kwa sababu tangu saa moja nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mbele ya ghala langu jipya, nikimngojea ngamia huyo huyo. Kutoka lango langu hadi lake palikuwa na hatua kumi na nane. Mwenye ngamia, mzee kutoka upande wa Sangailu, alisimama kwangu kidogo, akalitazama tangazo nililolibandika mlangoni, akaitikia salamu yangu kwa adabu, kisha akazimaliza zile hatua kumi na nane.

Jirani huyo tulimwita Ayeyo, yaani bibi kwa Kisomali. Mtaa mzima ulimwita hivyo, wazee kwa watoto, ingawa hakuwa na mjukuu wala mtoto. Sijui alizaliwa wapi. Garissa ni mji ambao mtu anaweza kukutajia babu zake kumi kabla chai haijapoa, lakini mimi sikumuuliza, naye hakunieleza. Nilimjua kwa miaka saba kupitia ua wa makuti ya mikoma uliotutenganisha. Miaka mingi kati ya hiyo sikumpenda, na mtu asiyempenda jirani yake humtazama sana, kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya hakika.

Lazima nieleze ngamia yule alileta nini. Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita. Sisi tuliotoka bara kufanya kazi za serikali tuliviita vita vya shifta. Majirani zetu hawakuviita chochote. Amri ilikuwa imetoka kwamba wafugaji waliokuwa karibu na mji wahamie kijiji kilichozungushiwa seng'enge, na kila familia ilipewa kiwanja kidogo. Sasa, nyumba ya mfugaji ni ya kufunguliwa na kubebwa: fito zilizopindwa, mikeka mizito ya kuezekea, vyombo vya maziwa vilivyosukwa, kamba, ngozi. Mwanamke huletewa nyumba hiyo siku ya harusi, akaiongeza mwaka kwa mwaka kwa mikono yake. Nyumba ya kubebwa na ngamia watatu haikuenea katika kiwanja kile. Iliyozidi ilitakiwa kuwekwa mahali.

Mimi nililiona jambo hilo mapema. Nilikuwa mtunza stoo katika yadi ya barabara, na kazi yangu ilikuwa kujua kitu gani kitahitajika kabla hakijahitajika. Sikusoma zaidi ya darasa la nne, lakini nilikuwa nimenunua kitabu cha ujenzi kisicho na jalada, nikakisoma mara tatu, mara ya tatu na kalamu mkononi. Nilichora ghala langu kwenye karatasi ya miraba: futi kumi na mbili kwa kumi, sakafu ya saruji, mbao pande zote, mabati juu. Nilipata pembe za mraba kwa kamba yenye mafundo ya tatu, nne na tano, kama kitabu kilivyoelekeza. Niliweka pimamaji kwenye kila boriti. Nikatia kufuli la shaba, nikafungua daftari lenye safu sita, na mlangoni nikabandika bei: shilingi mbili kwa mzigo kwa mwezi. Kazi yote ilinichukua wiki saba, Jumamosi na Jumapili.

Ayeyo alijenga lake kwa siku mbili.

Alikuja na wanawake watatu na mzigo wa mizizi ya mgunga. Waliiloweka mizizi, wakaipasha moto, wakaipinda kwa magoti huku wakicheka, wakaichimbia chini kwa duara. Juu yake wakafunga mikeka ya zamani. Ndani wakapanga mawe, juu ya mawe wakalaza vijiti, ili mzigo usiguse ardhi na mchwa asipate njia. Mlango ulikuwa mkeka uliofungwa kwa kamba moja. Sikuona futi wala kamba ya kupimia. Kipimo chake kilikuwa mwanamke mmoja mrefu, ambaye alimsimamisha katikati na kumwambia anyooshe mkono.

Siku ya pili alikuja uani kutazama kazi yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye macho ya kuchuja. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na herufi ya p ilimshinda kama inavyowashinda wengi wa kwao.

"Karani," aliniita. Sikuwa karani, na nilikuwa nimemwambia hivyo mara nyingi. "Hii nyumba ya nani?"

"Ni ghala, Ayeyo. La kuwekea mizigo ya watu."

"Iko na kona ngabi?"

"Nne."

"Kona ni nyumba ya nge," alisema. "Wewe umejengea nge nne nyumba, halafu umewawekea mabati."

Mke wangu, aliyekuwa akichambua maharagwe kando yetu, alicheka hadi akaweka ungo chini. Nilimwambia Ayeyo kwamba kila futi ya ghala lile ilikuwa imepimwa mara mbili.

"Ndiyo, unabima sana," alijibu. "Kitu ikibimwa sana, inakonda."

Misemo yake ilikuwa ya namna hiyo. Haikuwa hekima ya kuandikwa ukutani. Ilikuwa vijembe, na karibu vyote alivitunga papo hapo kulingana na nani alikuwa mbele yake. Ayeyo alimwambia mwuza sukari aliyepunja mizani kwamba kidole chake ni kizito kuliko akili yake. Alimwambia imamu mmoja kijana aliyehutubia muda mrefu kwamba Mungu si kiziwi. Watu walivichukua vijembe hivyo na kuvipeleka sokoni, na jioni vilinirudia mimi kazini kama vitu vya thamani. Mimi nilikuwa nimenakili methali mia mbili na kumi kwenye daftari, za Kiswahili na za kwetu, na hakuna mtu aliyewahi kunukuu neno nililosema.

Wala hakuwa mwema kama watu walivyodai. Aliuza maziwa kwa mke wangu na akabishania senti tano kama mtu anayeokoa shamba. Aliapa kwamba havuti ugoro, na kila alipoinama kibati cha ugoro kilimdondoka kutoka kifuani. Alitufokea kwa sababu kuku wetu walivuka ua, lakini mbuzi wake alipokula daftari langu la hesabu za mwezi alisema mnyama naye anatafuta elimu. Akiona mtu ameteleza kwenye matope alicheka kwanza, ndipo akamsaidia. Aliogopa vyura kupita kiasi. Mvua ilipoleta vyura kutoka mtoni, mwanamke huyo aliyewahi kumfukuza fisi kwa mwiko alipanda juu ya kitanda na kumwita mke wangu kwa sauti kubwa.

Na mtu huyo ndiye aliyeletewa nyumba za watu.

Baada ya ngamia wa Jumanne walikuja wengine: wawili Jumatano, wanne Alhamisi, punda Ijumaa baada ya swala. Ayeyo hakutoza kitu. Hakuandika kitu, kwa kuwa hakujua kuandika. Mwanamke alifika, akashusha nyumba yake, wakazungumza kidogo, wakaomba dua fupi mikono ikiwa wazi, basi. Nilikaa kwenye kigoda changu hadi Ijumaa jioni. Ndani ya ghala langu palikuwa na joto kiasi kwamba mshumaa niliouacha rafuni ulipinda, na pembeni, nilipofagia, nilimkuta nge. Sikumwambia mtu.

"Baba Mutua," mke wangu aliniambia, "ingia unywe chai. Hawaji."

"Watajaza lake, kisha watakuja."

"Lile ni la mviringo. Hujui linajaa lini."

Nilifanya jambo ambalo kwa mtu wa tabia yangu halikuwa gumu. Nilichukua lile daftari lenye safu sita nikaanza kuandika mizigo ya Ayeyo, kwanza ile ya wiki hiyo niliyokuwa nimeiona ikishushwa. Nilikaa upande wangu wa ua, penye ufa kati ya makuti, na kila mzigo ulioingia niliuandika: siku, saa, idadi ya mikeka, fito, vyombo, rangi ya kamba. Majina mengi sikuyajua, kwa hiyo niliandika alama za wenyewe. Safu ya sita ilikuwa ya shilingi mbili mbili ambazo zingekuwa zangu. Nilijiambia ni mazoezi ya kazi. Kila jioni nilijumlisha, kisha nikajumlisha tena. Hazikuwa zile shilingi zilizoniuma. Nilikuwa na mshahara. Nilitaka mtu mmoja tu, mmoja, ashushe mzigo wake mbele yangu na kuondoka bila kugeuka nyuma.

Mizigo ilipofika thelathini na moja, sajini wa jeshi alikuja yadini. Wanajeshi walikuwa na wasiwasi kwamba chakula na vitu vingine vilikuwa vikifichwa mjini na kupelekewa shifta porini. Alitaka orodha ya maghala yote ya mtaa wetu, na msimamizi alimwelekeza kwangu, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Niliandika maghala saba. Langu nililiandika kwa mstari mmoja. La Ayeyo niliandika mistari minne: ukubwa wake, kwamba halina kufuli, kwamba halina daftari, kwamba mali iliyomo ni ya watu wengi ambao mwenye ghala hawezi kuwathibitisha kwa maandishi. Hapakuwa na neno la uongo. Nimeirudia orodha hiyo kichwani kwa miaka mingi nikilitafuta neno la uongo, na halipo.

Walikuja kesho yake saa nne asubuhi, askari sita. Langu walilifungua, wakaona tupu, wakafunga. Kwa Ayeyo walikata kamba ya mlango na kuanza kutoa. Walivuta mikeka, walitupa fito uani rundo juu ya rundo, walipindua vyombo vya maziwa na kuvigonga chini kuona kama kuna kitu. Ayeyo alisimama mlangoni mwa nyumba yake, mikono imekunjwa. Aliwaambia mara moja, "Toeni, lakini toeni kwa mstari." Hawakumwelewa. Walimaliza kwa nusu saa, hawakupata chakula wala silaha, sajini akasema samahani mama, wakaondoka.

Nilielewa maana ya mstari baadaye, alipoanza kuokota. Ghala lile lilikuwa limepangwa kama nchi. Waliotoka upande wa Wajir mizigo yao ilikaa kaskazini ya duara. Wa Sangailu na Ijara kusini. Wa mtoni magharibi. Ndani ya kila upande mizigo ilifuatana kwa visima, kama mtu anavyosafiri na mifugo kutoka kisima hadi kisima. Ukimtajia mwanamke, Ayeyo alijua ananywesha wapi, na mkono wake ulikwenda hapo. Hakuweka kichwani vitu thelathini na kimoja. Aliweka njia moja. Nami, niliyesoma kitabu mara tatu na kupanga stoo ya serikali miaka kumi na moja, sikuwahi kuona mpango mzuri kuliko ule. Wivu ulinipata upya, ukiwa na sababu bora zaidi.

Sasa njia ile ilikuwa rundo uani. Mikeka ya nyumba moja hufanana na ya nyumba nyingine. Habari ziliwahi kufika kijijini, na kufikia adhuhuri wanawake walioruhusiwa kutoka walikuwa wamejaa uani kwake. Wawili walishika mkeka mmoja, kila mmoja upande wake.

"Huu ni wa mama yangu, nimeusuka naye."

"Mama yako hakujua kusuka, alijua kukopa tu. Achia."

Walimgeukia Ayeyo. Alitazama mkeka, akatazama rundo, akatikisa kichwa. Katika miaka saba sikuwahi kumwona akikosa la kusema. Mwanamke mmoja nyuma alisema kwa Kisomali jambo nililolielewa, kwamba amana imekuwa fujo. Ayeyo alikaa chini, palepale mchangani. Kwa watu wale mtu anayepoteza amana haletewi tena hata sindano, na aliyekaa pale alikuwa hana mtoto wala mjukuu wa kumtetea. Alikuwa na jina lile tu.

Mimi nilikuwa kwenye ufa wangu.

"Baba Mutua," mke wangu alisema nyuma yangu, bila kupaza sauti. "Una lile daftari."

"Wataniuliza nimelipata wapi."

"Ndiyo. Watakuuliza."

Nilizunguka kwa lango, ingawa ningeweza kupita kwenye ua. Zilikuwa zile hatua kumi na nane. Nilisimama katikati ya wanawake na kusema ninayo orodha ya vitu vyote. Wakanigeukia. Mmoja aliyejua Kiswahili vizuri akasema, "Soma basi, tusikie." Hapo nilikumbuka alama nilizoandika badala ya majina.

"Jumanne," nilisoma. "Mzee mwenye jicho moja, mkewe mnene, anabishana. Mikeka sita, fito ishirini na nane, kamba nyeupe."

Mtu akatafsiri, na uani wote wakaangua kicheko. "Ni wewe," walimwambia mwanamke mmoja. "Simama mnene, chukua mikeka yako." Alisimama, akanitazama kwa hasira, akahesabu. Ilikuwa sita.

Nilisoma yote thelathini na moja. Mama mwenye pengo. Binti anayetembea kama bata. Yule aliyenyimwa chai na Ayeyo. Mwenye sauti ya tarumbeta. Kila alama walicheka, na kila aliyetajwa alitukanwa na wenzake kwa furaha. Mkeka uliogombaniwa ulikuwa wa yule mwenye tarumbeta, kwa kuwa niliandika una kiraka cha ngozi kwenye pindo, na kiraka kilikuwepo. Mwenzake aliuachia, akasema, "Basi mama yangu alikopa kwako." Ilipofika alasiri rundo lilikuwa limekwisha na vitu vyote vimerudi kwenye duara. Nilipoinua macho, Ayeyo alikuwa akinitazama.

Alingoja watu waondoke.

"Ulikuwa unanihesabu," alisema.

"Ndiyo, Ayeyo."

"Siku ngabi?"

"Wiki sita."

"Kwa nini?"

Nilitafuta neno la Kiswahili lililo laini zaidi, sikulipata. "Husuda," nilisema. Lina asili ya Kiarabu, nilijua angelielewa.

Hakukasirika. Alitoa kibati cha ugoro, kile ambacho hakikuwepo, akavuta mbele yangu. "Hasidi," alisema akifikiri, "ni karani bila mshahara." Kisha akaniuliza kama ningependa maziwa, na aliponipimia alipunja kidogo, kama kawaida.

Lile la orodha ya sajini sikumwambia. Nilikuwa na nafasi mara nyingi. Sina hakika kwamba hakujua.

Hatimaye vita vilitulia na magari ya abiria yakaanza tena kwenda Wajir. Wenye nyumba walikuwa wakija mmoja mmoja kuchukua vitu vyao, na duara lake lilikuwa limebaki karibu tupu. Asubuhi moja alisimama mbele ya ghala langu na bunda lililofungwa kwa ngozi, amelibeba mgongoni mwenyewe.

"Karani. Nakwenda kwa dada yangu. Shika hii."

"Lakini ghala lako lina nafasi, Ayeyo."

"Langu halina mtu. Hili liko na mtu."

Nilifungua kufuli. Nilichukua daftari na kalamu kwa mazoea, naye akaniwekea mkono juu ya karatasi. "Wacha. Usiandike." Aliliweka bunda mwenyewe ndani, mbali na pembe zote nne, akatoka, akaenda kwenye gari bila kugeuka nyuma.

Sikuandika. Kila Jumapili nilifungua mlango ili hewa ipite, nikatazama chini ya bunda kama kuna mchwa. Usiku mmoja mvua ilipovuja kwenye msumari wa bati nilihamisha bunda hadi ndani ya nyumba. Wakati huo barua yangu ya uhamisho ilikuwa imefika, nami nikaomba msimamizi aniongezee muda. Nilimwambia ni kwa ajili ya kukabidhi stoo.

Alirudi baada ya miezi mitano, amekonda, amevaa shuka jipya la kahawia. Nilimtolea bunda. Alikaa chini kwenye kizingiti changu, akalifungua, na akahesabu vitu vyake mbele yangu, kimoja kimoja, kwa sauti: vyombo viwili vya maziwa, mkeka wa harusi, kisu, Kurani iliyofungwa kitambaa, ushanga. Alipomaliza alihesabu tena. Mwanamke ambaye hakuna mtu aliyethubutu kuhesabu mzigo mbele yake alinihesabia mara mbili, nami nilisimama pale kama nilivyosimama siku ya ukaguzi yadini, nikitumaini kwamba vimetimia.

"Iko," alisema. Akafunga. "Ni besa ngabi?"

Nilimwambia hakuna. Alibisha kidogo, kwa heshima ya kubisha, kisha akainuka na mzigo wake. Ulikuwa mzigo wa pekee uliowahi kuingia katika ghala lile. Miezi mitano, kwa shilingi mbili kwa mwezi: shilingi kumi, ambazo sikuzipokea.